Maswali Yenu: Dunia Imechafuka, Hivi Kuna Anayeongea na Mwenzake?

Toleo hili nilipanga liwe la mambo mengine kabisa ila sanduku la barua limejaa vita, vita, vita, basi nimeyaweka hayo mengine pembeni. Barua zilizofanana nimeziunganisha, matusi nimeyatoa (mnajijua), na majina ni yale mliyojipa wenyewe.

Nauliza tu kwa uchungu, vita ya tatu ya dunia imeshaanza au bado? Kila nikishika simu ni makombora, mara droni, mara fulani katishia nyuklia. Nina watoto, usingizi sina. – Mama Asiyelala

Pole sana mama. Mimi sio mtabiri, na yeyote anayekuambia anajua usimwamini, awe anasema inakuja kesho au anasema haiji kamwe. Ninachoweza kukuambia ni kitu gani mimi huwa nakiangalia. Vitisho sivihesabu sana, manake kiongozi akisimama jukwaani akaunguruma mara nyingi anaongea na wapiga kura wake, sio na adui. Naangalia kama bado kuna njia ya hao maadui kufikishiana ujumbe, na kama bado wanaitumia.

Chukua Oktoba 1962. Marekani wamegundua Wasovieti wanaweka makombora ya nyuklia Cuba, siku 13 dunia imeshika roho mkononi, na Kennedy wa Marekani na Khrushchev wa Sovieti wanaandikiana barua ambazo zinachukua masaa na masaa kufika, zitafsiriwe, zisomwe, zijibiwe, wakati huohuo meli zinasogeleana baharini. Kilichowatoa pale ni makubaliano ya chini kwa chini. Sovieti waondoe makombora yao Cuba, Marekani waahidi hawataivamia Cuba, halafu kimyakimya Marekani nao waondoe ya kwao yaliyokuwa Uturuki. Hicho kipande cha Uturuki kilifichwa miaka mingi, watu waliambiwa tu kwamba Khrushchev kaogopa kakimbia. Kumbe wote wawili walitoa kitu.

Sasa sikia walichofanya baada ya hapo. Juni 1963, hata mwaka haujaisha, wakakubaliana kuweka laini ya moja kwa moja kati ya Washington na Moscow, na wala haikuwa ile simu nyekundu ya kwenye sinema, zilikuwa mashine za kutuma maandishi, na ilifanywa hivyo kwa makusudi maana maandishi yanakupa nafasi ya kufikiri kabla hujajibu na hayabebi hasira ya sauti. Agosti mwaka huohuo wakasaini na Uingereza mkataba wa kuacha majaribio ya nyuklia angani, baharini na anga za juu. Watu walewale waliokuwa wanataka kuchomana moto miezi kumi nyuma.

Mfano mwingine ambao haupati nafasi kwenye taarifa ya habari ni India na Pakistan. Kila Januari 1 tangu mwaka 1992 hawa wanapeana orodha ya vituo vyao vya nyuklia, kwa sababu waliahidiana kutovishambulia. Wamepigana, wamefukuziana mabalozi, orodha inakwenda tu. Mei 2025 walirushiana makombora siku nne, Trump akatangaza yeye ndo kawapatanisha, India ikakana, lakini pande zote zinakubali kuwa Mei 10 wakuu wa operesheni za kijeshi wa nchi hizo mbili walipigiana simu na mapigano yakasimama. Simu ilikuwepo na ilipokelewa. Mimi hiyo inanipa usingizi kidogo.

Kinachoninyima huo usingizi ni kingine. Mkataba wa mwisho uliokuwa unaweka kikomo kwa silaha kubwa za nyuklia za Marekani na Urusi, ule New START wa 2010, vichwa 1,550 kila upande vilivyo tayari kurushwa, muda wake umekwisha Februari 5, 2026. Urusi ilishasimamisha ushiriki wake tangu 2023. Kabla ya hapo ule wa makombora ya masafa ya kati wa 1987 ulikufa 2019. Yaani ukaguzi, kuhesabiana, kupeana taarifa, vyote vilivyojengwa kwa miongo vimebomoka kidogokidogo na watu walikuwa bize na mambo mengine. Katikati ya miaka ya 80 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia karibu 70,000, leo viko kama 12,000, na huko kupungua kumechangiwa sana na hao watu wa suti waliokaa vyumbani Geneva wakibishana juu ya idadi mpaka wakachokana.

Kwaiyo mama, haijaanza, na hakuna aliyeandika kwamba lazima ianze. Ila simu iache nje ya chumba cha kulala, hilo nakuamuru.

UN kazi yake nini? Wanalaani, wanasikitishwa, wanatoa wito. Watu wanakufa. Ifungwe tu tujue moja. – Nimechoka

Hasira yako ni ya haki ila nusu yake umeipeleka nyumba siyo.

Katibu Mkuu hana jeshi. Mwenye meno ni Baraza la Usalama, wanachama 15, na katikati yao wamo watano wa kudumu, Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Azimio likipata kura 9 linapita, isipokuwa mmoja wa hao watano akikataa, hapo hata mngekuwa 14 mmeafikiana limekufa. Februari 25, 2022, siku moja tu baada ya majeshi ya Urusi kuingia Ukraine, azimio la kulaani uvamizi likapelekwa, Urusi ikapiga kura ya turufu kujitetea yenyewe, na mwezi ule mwenyekiti wa Baraza alikuwa nani? Urusi. Unacheka au unalia? Na usidhani ni Urusi peke yake, Marekani nayo imetumia turufu mara kadhaa tangu Oktoba 2023 kuzuia maazimio ya kusimamisha mapigano Gaza.

Sasa utauliza kwani waliotunga hii kitu mwaka 1945 walikuwa hawaoni? Waliona sana. Walikuwa wametoka kuona Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia UN, linavyokufa, Marekani haikujiunga kabisa, Japani na Ujerumani wakaondoka 1933, Italia 1937, na wakubwa wakishakuwa nje basi waliobaki ndani wanapitisha maazimio ya kujifurahisha. Turufu iliwekwa ili wakubwa wote wabaki ndani na ili UN yenyewe isijikute inapigana na mmoja wao. Ni kama fyuzi, inakata umeme ili nyumba isiungue, na ikishakata wote mnakaa gizani. Kwa kazi hiyo imefanya vizuri, kwa kazi ya kuwalinda wanyonge imefanya vibaya sana, na mimi naona ni vizuri tuseme yote mawili badala ya kuchagua moja.

Ipo njia ya pembeni. Tangu 1950 Baraza Kuu linaweza kulichukua suala ambalo Baraza la Usalama limekwama nalo, na ndo kilichotokea Machi 2, 2022, nchi 141 zikaitaka Urusi iondoke Ukraine, 5 zikapinga, 35 hazikuegemea upande. Halilazimishi mtu lile. Na tangu Aprili 2022 ukipiga turufu, Baraza Kuu linakutana ndani ya siku 10 za kazi kukujadili mbele ya wote. Aibu hiyo, ndiyo, ila sijawahi kuona aibu imesimamisha kifaru.

Kubadilisha? Marekebisho ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa yanataka theluthi mbili ya wanachama pamoja na hao watano wote, yaani unamwomba mtu asaini karatasi ya kumnyang'anya alichonacho. Mara pekee Baraza limepanuliwa ni 1965, likatoka wajumbe 11 kwenda 15, na viti vya kudumu havikuguswa. Afrika yenye nchi 54 mpaka leo haina hata kimoja, wakati migogoro yake inajaza ajenda za Baraza mwaka hadi mwaka. Hapo hata mimi nachoka kama wewe.

Lakini kabla hujaifunga hiyo UN nikukumbushe ngano. Julai 22, 2022, katikati ya vita, Istanbul, makubaliano ya kuruhusu meli za nafaka zitoke bandari za Ukraine. Urusi na Ukraine walikataa hata kusaini karatasi moja, basi kila mmoja akasaini ya kwake na Uturuki na UN. Meli zikawa zinakaguliwa na watu wa pande zote nne. Karibu tani milioni 33 zikatoka kabla Urusi haijajitoa Julai 2023. Mkate wa watu wengi sana ambao hawajui hata kwamba kulikuwa na makubaliano. Na kwa upande wa hela, shughuli zote za walinda amani wa UN bajeti yake kwa mwaka ilikuwa kama dola bilioni 5.6, wakati matumizi ya kijeshi ya dunia mwaka 2024 yalifika dola trilioni 2.7. Gawanya mwenyewe halafu uniambie nani anapaswa kulaumiwa kwa kutofanya kazi.

Shikamoo anko. Nasoma sekondari na nataka kuwa mwanadiplomasia ila rafiki zangu wananicheka wanasema ni kazi ya kula na kunywa kwenye sherehe. Kwani wanafanyaga nini? Na kwa nini nchi zikigombana wanafukuzana mabalozi, si ndo wakati wanaohitajika? – Balozi Mtarajiwa

Marahaba mwanangu. Sherehe zipo, wasikudanganye hazipo, ila ni sehemu ya kazi, unakwenda kusikia mtu anasema nini akishalegea. Kazi kubwa ni kusikiliza na kuandika. Unakaa nchi ya watu, unajua nani anasikilizwa na nani ni kelele tu, kisha usiku unaandika ripoti ya ukweli kwa wakubwa zako, hata kama ukweli huo hawaupendi.

Kufukuzana kumewekewa utaratibu kwenye Mkataba wa Vienna wa 1961, ibara ya 9, nchi inaweza kumtangaza mwanadiplomasia hatakiwi na wala haidaiwi sababu. Ni njia ya kuonyesha hasira bila kumpiga mtu risasi, na kwa kawaida mwenzako naye anafukuza idadi hiyohiyo, mnakuwa mmelipana. Jengo lenyewe mwenyeji haruhusiwi kuingia bila ruhusa ya balozi. Watu wanasema ubalozi ni ardhi ya nchi nyingine, sio kweli, ardhi inabaki ya mwenyeji, ila mlango haugusi.

Na umeuliza vizuri, wanaohitajika wameondoka sasa nani anaongea? Hapo anaingia wa tatu. Novemba 1979 wanafunzi wa Iran waliuvamia ubalozi wa Marekani Tehran, Wamarekani 52 wakashikiliwa siku 444. Uhusiano ukavunjika, na tangu 1980 Uswisi ndo inashughulikia mambo ya Marekani kule. Waliowatoa mateka ni Waalgeria, Iran haikutaka kukaa chumba kimoja na Mmarekani, basi Waalgeria wakawa wanabeba karatasi huku na huku mpaka Januari 1981 ikasainiwa. Hakuna aliyepiga picha akikumbatiana na mtu.

Raha nyingine ya kazi hii ni maigizo. Julai 1971 Kissinger, mshauri wa Rais Nixon wa Marekani, alikuwa ziarani Pakistan, ghafla ikatangazwa tumbo linamsumbua anapumzika, kumbe yuko kwenye ndege kwenda Beijing kuandaa safari ya Nixon ya mwaka uliofuata, nchi mbili ambazo zilikuwa haziongei rasmi kwa zaidi ya miaka 20. Soma historia, soma lugha, na ujifunze kunyamaza. Hao rafiki zako siku moja watakuomba viza.

Mbona wanasaini kusitisha mapigano asubuhi, jioni mabomu yanaendelea? Na wakiwa wanajadiliana ndo wanapigana zaidi! Ni utani huu? – Mfuatiliaji

Hapana, sio utani, na hili swali nalipenda kuliko yote kwaiyo vumilia jibu litakuwa refu.

Kwanza tenganisha vitu viwili. Kusitisha mapigano ni kuacha kupiga risasi. Amani ni kumaliza sababu ya kupiga risasi. Unaweza kuwa na cha kwanza bila cha pili kwa muda mrefu mno. Korea mazungumzo yalianza Julai 1951, yakasainiwa Julai 27, 1953. Miaka miwili! Na mstari wa mbele haukusogea sana miaka hiyo, ila maelfu kwa maelfu walikufa wakigombania vilima, huku mezani kilichokwamisha zaidi ni mateka wa vita, warudishwe kwa nguvu au waachwe wachague. Mkataba wa amani wenyewe mpaka leo haujasainiwa. Kisheria vita ile haijaisha, na ile karatasi ya muda imeshikilia kwa zaidi ya miaka 70. Ukiniuliza kama imefaulu au imefeli nitakuuliza unalinganisha na nini.

Kuhusu kupigana zaidi wakati wa mazungumzo, ni mantiki mbaya ila ni mantiki. Kila upande unajua mstari utakapochorwa ndo utabaki hapohapo, basi wote wanakimbilia kilima cha mwisho, daraja la mwisho. Ukisikia mapigano yamekuwa makali ghafla usikimbilie kusema mazungumzo yamekufa, mara nyingine ni dalili kwamba yamekaribia. Mara nyingine pia ni kweli yamekufa. Samahani, ndivyo ilivyo.

Halafu kuna ile tabia ya kuahirisha magumu. Gaza Januari 19, 2025 yalianza makubaliano ya awamu, mateka hawa watoke, wafungwa wale watoke, halafu mambo mazito awamu ya pili. Awamu ya pili haikukubaliwa, Machi 18 mabomu yakarudi, ikabidi ingojewe mpaka Oktoba 10 kusimamisha tena. Makubaliano ya Oslo ya 1993 kati ya Israel na Wapalestina yalikuwa hivyohivyo, Jerusalem, wakimbizi, mipaka, makazi ya walowezi, vyote vikasogezwa mbele, na huko mbele ndo vikaoza. Nakubali kwamba mara nyingine usipoahirisha hupati chochote, ila ukiahirisha bila tarehe na bila mtu wa kuwabana umewapa muda wapinzani wa amani wajipange. Na siku zote wapo, pande zote.

Linganisha na Camp David, Septemba 1978. Sadat wa Misri na Begin wa Israel hata kukaa pamoja ilishindikana baada ya siku chache, walikuwa wanagombana tu, basi Rais Carter wa Marekani akawatenganisha, akawa anapeleka rasimu moja kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, inarekebishwa, inarudi, rasimu baada ya rasimu zaidi ya ishirini, siku 13. Misri ikarudishiwa Sinai kwa awamu zenye tarehe, na kikosi cha kimataifa cha waangalizi kipo pale Sinai hadi leo. Sadat aliuawa 1981, mkataba haukufa naye. Misri na Israel hawapendani hata leo, nani kasema lazima wapendane? Hawajapigana vita tena tangu wausaini, 1979. Suala la Wapalestina lililokuwa kwenye makubaliano yaleyale ndo halikupata tarehe za kueleweka wala wa kulisimamia, na matokeo yake unayaona.

Colombia nao walikaa Havana na waasi wa FARC miaka minne, Cuba na Norway wakiwa wadhamini, wakasaini, wakapeleka kwa wananchi Oktoba 2, 2016 na wananchi wakakataa kwa tofauti ndogo sana! Ningekuwa mimi ningeenda kulala. Wao walirudi mezani wakawasikiliza waliokataa, Novemba wakasaini jingine.

Kwa nini wapatanishi ni walewale, Qatar, Oman, Uturuki, Norway? Wanalipwa? – Mdadisi

Wanalipwa kwa jina na kwa usalama. Qatar ni nchi ndogo kati ya majirani wakubwa, ikiwa kila mtu anamhitaji basi kila mtu atafikiri mara mbili kabla ya kumgusa. Ndo maana ina kituo kikubwa cha jeshi la Marekani na wakati huohuo ikawapa ofisi Hamas na Taliban, na makubaliano ya Marekani na Taliban ya Februari 2020 yalisainiwa Doha. Ila kinga hiyo sio kamili, Septemba 9, 2025 Israel ilishambulia Doha kwenyewe ikiwalenga viongozi wa Hamas waliokuwa kwenye mazungumzo. Oman yeye anapenda kukaa kimya, Wamarekani na Wairani walikutana kwake kwa siri kabla ya makubaliano ya nyuklia ya 2015 na hata washirika wao wengine hawakujua. China ikajitokeza Machi 2023 kuwapatanisha Saudi Arabia na Iran, ingawa kazi ya awali ilishafanywa Iraq na Oman, yeye akaja kumalizia na kupiga picha. Sio dhambi. Na sio lazima uwe serikali, vita ya Msumbiji iliisha kwa makubaliano ya Roma ya Oktoba 1992 na waliopatanisha ni Sant'Egidio, jumuiya ya waumini wa Kikatoliki isiyo na jeshi wala mafuta. Waliaminika na pande zote, basi.

Tatizo linakuja wapatanishi wakizidi. Sudan tangu vita ianze Aprili 15, 2023 imekuwa na meza Jeddah, meza za kikanda, meza za Umoja wa Afrika, meza Geneva, na wenye bunduki wanachagua meza ya kwenda na ya kususia. Mbaya zaidi kuna wanaokaa kwenye hayo mazungumzo huku wanatuhumiwa kupeleka silaha kwa upande mmoja. Hapo sijui niite upatanishi au nini.

Kwa nini silaha za nyuklia zisipigwe marufuku tu? – Kijana

Zimeshapigwa. Mkataba ulipitishwa UN 2017 na unafanya kazi tangu Januari 22, 2021. Nchi zenye silaha hizo ni tisa, zilizojiunga ni sifuri.

Mzee unatupaka mafuta. Dunia hii mwenye nguvu ndo mwenye haki, mikataba ni karatasi ya kuwafunga wadogo. Ukraine walitoa silaha wakapata nini? Acheni kudanganya watu. – Mkweli Daima

Ndugu yangu, mfano wako ni mzito na sitaukwepa. Desemba 1994, Budapest, Ukraine ikakubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki kwake baada ya Sovieti kuvunjika, na Urusi, Marekani na Uingereza wakaahidi kuheshimu mipaka yake. 2014 Crimea ikachukuliwa, 2022 ikawa nchi nzima inashambuliwa. Ukisoma ile hati utaona ni ahadi za kuheshimu, na msaada wenyewe ni kwenda Baraza la Usalama, ambako nimeshakueleza huko juu nani anakaa. Ongezea na Iran, ilikubali Julai 2015 kurutubisha urani isizidi asilimia 3.67, wakaguzi wakawa wanathibitisha inatii, Mei 2018 Marekani ikajitoa. Kila nchi inayofikiria kujadiliana silaha zake inayaona haya mawili na inajumlisha. Gharama yake tutailipa miaka mingi, na wanaosaini leo wanavunja kesho wangelijua hilo pengine wangesita.

Pale unaposema "daima" ndo nakataa. Desemba 1978 Argentina na Chile walikuwa masaa tu kabla ya vita kwa ajili ya visiwa vya mlango wa Beagle, meli za Argentina zimeshatoka, Papa Yohane Paulo wa Pili akaomba kupatanisha, akamtuma kardinali Antonio Samorè, ikachukua miaka sita mpaka mkataba wa 1984, na wote wawili mwaka ule wa 1978 walikuwa chini ya tawala za kijeshi, sio watu wapole wale. Nigeria ilishindwa kesi ya rasi ya Bakassi mahakama ya Hague mwaka 2002, rasi yenye harufu ya mafuta, dhidi ya Cameroon ambayo ni ndogo kwake kwa kila kitu. Kwa hesabu yako Nigeria ingepuuza. Ilinuna, ikajadiliana, ikasaini utaratibu 2006, ikakabidhi 2008. Hakuna aliyetengeneza sinema kuhusu Bakassi kwa sababu hakukuwa na vita ya kuonyesha. Wewe na mimi tunahesabu mikataba iliyovunjika maana hiyo ndo inayotoa moshi.

Mwenye nguvu ana faida, nakubali, tena kubwa. Ila hata yeye vita inamla, na akishachoka kuliwa anatafuta mlango wa kutokea, na huo mlango lazima kuna mtu awe ameushikilia.

Kila wiki naona "makubaliano ya kihistoria". Mtu wa kawaida nitajuaje lipi ni la kweli na lipi ni picha tu? – Msomaji wa Siku Zote

Ukipata maandishi yake ruka dibaji yote, ile ya undugu na mustakabali mwema, nenda moja kwa moja kwenye viambatisho. Tafuta tarehe, ramani, nani anahesabu silaha, nani anapigiwa simu mmoja akivunja. Kama hakuna viambatisho una picha.

Kisha angalia nani ana bunduki na hayupo mezani. Juni 27, 2025 Kongo na Rwanda walisaini Washington, lakini waasi wa M23 walioshika miji ya Goma na Bukavu hawakuwa wahusika wa karatasi ile, wao mazungumzo yao na Kinshasa yalikuwa Doha. Meza mbili kwa vita moja, ya kwanza haiwezi kwenda mbali bila ya pili, na mapigano hayakuisha.

Pretoria, Novemba 2, 2022, serikali ya Ethiopia na viongozi wa jimbo lake la Tigray waliokuwa wanapigana nayo, chini ya Umoja wa Afrika, ile niliipa alama nzuri zaidi kwa sababu siku 10 baadaye makamanda wenyewe, wale wenye vikosi, walikutana Nairobi wakasaini namna ya kutekeleza. Bunduki zilinyamaza sehemu kubwa na misaada ikaanza kuingia. Ila Eritrea, ambayo majeshi yake yalikuwa ndani ya Tigray, haikualikwa kusaini chochote, na ukisikia leo hali ya kule inaitwa tete, anza kutafuta hapo.